Chumba cha uyoga Kisumu: mchana tanuri, usiku maji yanatiririka ukutani

"Nimegeuza chumba cha nyuma hapa nyumbani, upande wa Mamboleo, Kisumu, kiwe chumba cha uyoga wa oista. Ni futi 10 kwa 12, paa la mabati bila dari, dirisha moja linaloangalia magharibi. Nina mifuko 140. Nilifundishwa kwamba uyoga unataka unyevu wa asilimia 90, kwa hivyo nimeziba dirisha na matundu yote kwa karatasi ya nailoni, na ninanyunyiza maji mara sita kwa siku, karibu lita 20. Nikishanyunyiza kipimo kinapanda hadi 88, baada ya muda kinashuka hadi 60. Saa nane mchana joto ni nyuzi 33. Usiku kipimo kinasoma 99 na asubuhi maji yanadondoka kutoka kwenye mabati. Uyoga unatoka na shina refu na kofia ndogo kama kitufe. Mwingine una madoa ya manjano na unateleza. Mifuko kama 20 imegeuka kijani. Jirani mmoja ananiambia ninunue kiyoyozi, mwingine mashine ya kurusha ukungu wa maji hewani. Nimebaki na shilingi 40,000. Ninunue ipi?"

Pole sana, dada yangu. Mifuko 20 si hasara ndogo kwa mtu aliyeanza na 140, na kunyunyiza mara sita kwa siku ni kazi ya kuumiza mgongo. Nianze na jibu lenyewe ndipo nieleze: kwa sasa usinunue kiyoyozi wala mashine ya ukungu. Pesa zako zikae. Chumba chako hakijapungukiwa na maji, kimezidiwa nayo. Kinachokosekana humo ni hewa, na joto linalokusumbua linashuka kutoka kwenye mabati.

Tuanze na uyoga wenyewe, maana unasema ukweli kuliko kipimo chochote. Uyoga si mmea. Hautumii jua kujitengenezea chakula. Unakula yale makapi yaliyo ndani ya mfuko, na unapumua kama sisi: unavuta oksijeni na kutoa kabonidioksidi. Hewa ya nje ina takriban sehemu 420 za kabonidioksidi katika kila sehemu milioni. Oista ikianza kuzaa, inataka hewa hiyo isizidi sehemu 1,000 hivi. Mifuko 140 inayohema ndani ya chumba ulichokiziba kwa nailoni inaupita mpaka huo upesi, na usiku kucha inaendelea kuongeza. Hapo uyoga hufanya kile ambacho ungefanya ukiota ndani kabisa ya gogo lililooza: unarefusha shina kutafuta mahali penye hewa, na kofia inasubiri. Kwa hiyo usimlaumu aliyekuuzia mbegu, na usidhani uyoga wako una njaa. Shina refu na kofia ya kitufe ni uyoga unaokuambia umeishiwa na hewa safi. Mwanga nao unahitajika, lakini kidogo tu, kiasi cha kuweza kusoma gazeti. Giza la kuziba dirisha halikukusaidia.

Sasa hiyo asilimia 90. Waliokufundisha hawakukosea: wakati wa kuzaa, oista hupenda unyevu wa kati ya asilimia 80 na 95. Shida ni kwamba wengi wetu tukisikia asilimia tunadhani ni kiasi cha maji, kama vile nusu debe au robo debe. Asilimia ya unyevu hulinganisha maji yaliyomo hewani na maji ambayo hewa hiyo ingeweza kubeba kwa joto lilivyo wakati huo. Hewa ya nyuzi 20 hushiba ikibeba gramu 17 hivi za maji kwa kila mita ya ujazo. Ikipata joto hadi nyuzi 30, tumbo lake linapanuka na inaweza kubeba gramu 30. Chukua hewa ya asubuhi ya Kisumu, nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 90. Ipashe moto hadi nyuzi 30 bila kupoteza hata tone, na kipimo kitasoma kama 51. Maji ni yale yale. Kilichobadilika ni joto. Usiku mambo yanageuka: hewa yako ya mchana, nyuzi 33 na asilimia 60, inashiba kabisa ikipoa hadi nyuzi 24 hivi, na chini ya hapo lazima iteme maji. Mabati hupoa haraka kuliko kitu kingine chochote chumbani, kwa hiyo inayatema hapo, na wewe unaamka unakuta yanadondokea mifuko.

Hebu tupige hesabu ya chumba chako. Futi 10 kwa 12, na urefu wa futi 8 kwenda juu, ni kama mita za ujazo 27. Kwa nyuzi 30, hewa yote iliyomo haiwezi kubeba hata lita moja ya maji. Wewe unamwaga lita 20 kwa siku. Zilizobaki ziko ukutani, sakafuni, na juu ya kofia za uyoga.

Hapa ndipo kuna jambo ninalotaka ulielewe vizuri kuliko yote, kwa sababu ukilielewa utajiamulia mwenyewe mengine. Unajua mtungi wa udongo unavyopoza maji. Unatoa jasho, jasho linakauka kwa upepo, na kukauka huko kunachukua joto. Sasa chukua mtungi huo huo uufunge ndani ya mfuko wa nailoni. Jasho litatoka, lakini halitakauka, na maji yatabaki ya uvuguvugu. Chumba chako ni mtungi uliofungwa nailoni. Maji hayapozi kwa kuwepo tu, yanapoza yakikauka, na hayawezi kukauka ndani ya hewa ambayo tayari imeshiba. Wakazi wa Kisumu tunalijua hili kwa ngozi zetu: zile alasiri nzito kabla mvua haijanyesha, jasho linabaki mwilini na kupumua ni taabu, ingawa kipimajoto hakijapanda sana.

Kwa namba ni hivi. Hewa ya nyuzi 31 yenye unyevu wa asilimia 45, ambayo ni hali ya alasiri kavu za Januari na Februari, ikipitishwa kwenye gunia lililolowa inaweza kinadharia kushuka hadi nyuzi 22 hivi. Kwa magunia na mikono yetu ya kawaida utafika 25 au 26, na hapo oista inaishi vizuri. Lakini hewa ya nyuzi 31 iliyoshafika asilimia 80 haiwezi kushuka chini ya 28 hata ukiimwagia pipa zima. Kwa hiyo kila ukinyunyiza ndani ya chumba kilichozibwa, unajinyima nafasi ya kupoza.

Tuje kwenye kazi. Anza na paa, kwa sababu mabati yanayochomwa na jua la saa nane yanakuwa jiko lililogeuzwa kifudifudi. Ukisimama chini yake unahisi joto utosini hata kama hewa si ya moto sana, na mifuko ya rafu ya juu inahisi hivyo hivyo. Weka dari. Si lazima iwe ya mbao. Mikeka ya mafunjo kutoka upande wa Dunga inafaa sana, ikifungwa kwa waya kama futi moja chini ya mabati. Acha ncha mbili za hiyo nafasi ya juu zikiwa wazi chini ya kenchi, ili hewa ya moto iliyokaa kati ya mkeka na bati ipate pa kutokea. Hiyo nafasi ndiyo inayofanya kazi kubwa. Mkeka ukigusana na bati unapoteza sehemu kubwa ya faida. Ukiweza, paka bati rangi nyeupe kwa juu au litandazie nyasi. Mimi ningetumia pesa yangu ya kwanza hapa, kabla ya kitu kingine chochote.

Halafu toa nailoni. Najua itakuuma, lakini itoe. Toboa matundu mawili au matatu chini ya ukuta, karibu shibiri moja kutoka sakafuni, upande ulio na kivuli, na mengine juu kabisa upande wa pili. Hewa ya moto itapanda na kutoka juu, na ya baridi itaingia chini kuchukua nafasi yake. Yote uyafunike kwa wavu wenye matundu madogo sana, maana wale nzi wadogo weusi wa uyoga hupita kwenye neti ya kawaida ya mbu. Kujua kama hewa inatembea, washa kijiti cha ubani karibu na tundu la chini na utazame moshi. Ukivutwa ndani taratibu na kupotelea juu, umefaulu. Ukisimama wima kama uzi, ongeza tundu.

Dirisha lako la magharibi ni baraka na balaa kwa pamoja. Jua la jioni linaingia hapo, lakini upepo wa ziwani nao hutoka huko huko alasiri, nchi kavu ikishapata joto na kuvuta hewa kutoka ziwani. Kwa hiyo usilizibe. Tundika magunia mawili ya katani kwa nje, moja likipishana na lingine, na uyaloweshe kuanzia saa tano asubuhi hadi saa kumi jioni. Chupa yenye tundu la sindano kwenye kifuniko, ikining'inizwa kichwa chini juu ya gunia, itakupunguzia safari. Upepo ukipita humo unaingia ukiwa umepoa na una unyevu. Huo ndio mtungi wako, sasa ukiwa nje ya mfuko.

Ndani, mwaga mchanga safi sakafuni, unene wa inchi mbili hadi tatu, na uulowanishe asubuhi na tena saa sita. Mchanga unatoa unyevu polepole bila kugusa uyoga. Bomba la kunyunyizia lielekeze sakafuni, ukutani na hewani, kwa ukungu mwembamba. Kama lazima kofia zilowe, ziwe zimepoteza ule mng'ao wa maji ndani ya saa moja au mbili. Zile zako zenye madoa ya manjano na utelezi zimeshambuliwa na bakteria, na bakteria hao wanahitaji kofia iliyobaki na maji kwa saa nyingi. Ndiyo maana nakusihi usinyunyize tena baada ya saa kumi jioni. Usiku wa Kisumu hewa inajiletea unyevu yenyewe. Tumia maji ya mfereji au ya mvua, usitumie ya ziwa.

Kuhusu ile mifuko ya kijani, siwezi kukuahidi kuiokoa. Ule ni ukungu wa kijani, aina ya kuvu, na ukishatoa unga wake kila ukitikisa mfuko unapanda mbegu zake kwa mifuko mingine. Ifunike kwa gazeti lililolowa, itoe nje bila kuifungua, uizike mbali. Chanzo kinaweza kuwa makapi ambayo hayakuchemshwa vya kutosha, au yaliyofungwa yakiwa na maji mengi. Ukikamata konzi ya makapi na kuiminya kwa nguvu, yatoke matone mawili au matatu tu kati ya vidole. Yakitiririka, ni mabichi mno.

Lakini kuna chanzo kingine ambacho watu hawakioni, na mimi nilikijua kwa kupoteza. Msimu wangu wa kwanza, mwezi wa Februari, nilipanga mifuko ikiwa imebebana tabaka tatu kwa sababu chumba kilikuwa kidogo. Kipimo cha ukutani kilisoma nyuzi 29 na nikalala usingizi. Siku ya tisa nilichomeka kipimajoto katikati ya lundo, kikasoma 37. Utando mweupe wa uyoga unaotambaa ndani ya mfuko unapokula makapi unatoa joto lake mwenyewe, kama mboji, kwa hiyo katikati ya mfuko kuna joto zaidi ya chumbani, kwa nyuzi 2 hadi 5 na wakati mwingine zaidi. Ikipita 35 utando unaumia, na ukungu wa kijani unapata mlango. Nilizika mifuko 60. Tangu hapo kila mfuko wangu unakaa peke yake, na kati ya mmoja na mwingine kiganja kinapita. Mifuko ambayo utando bado unatambaa ikae chumba kingine, chenye nyuzi 24 hadi 28. Hiyo haihitaji kunyunyiziwa chochote, unyevu wake uko ndani.

Kabla hujaamini kipimo chako, kijaribu. Vile vya bei nafuu hukosea kwa asilimia 5 hata 10. Chukua kifuniko cha chupa, weka chumvi ya jikoni, dondoshea maji kidogo hadi iwe kama uji mzito, isiyeyuke yote. Weka kifuniko hicho pamoja na kipimo ndani ya kopo lenye mfuniko wa kubana, ulifunge na uliache kivulini kutwa au usiku kucha. Hewa ya juu ya chumvi iliyolowa hutulia kwenye asilimia 75. Kipimo chako kikisoma 83, basi kinazidisha 8, na tangu leo utakuwa unatoa 8. Kisha kitundike katikati ya rafu, usawa wa mifuko, mbali na mlango na mahali ambapo maji yatakirukia.

Sasa turudi kwa majirani zako. Kiyoyozi hupoza hewa kwa kuipitisha kwenye mabomba baridi, na maji ya hewa hugeuka matone hapo na kutolewa nje kwa mpira. Ungekuwa unalipia umeme wa kuondoa yale maji unayonyunyiza, na unga mweupe unaotolewa na uyoga uliokomaa ungeziba mashine hiyo baada ya muda. Mashine ya ukungu si mbaya, ila kwenye chumba kisichopumua itakuharakishia tu madoa ya manjano. Ukuta wa makaa, yaani makaa yaliyobanwa kati ya nyavu mbili za kuku na kudondoshewa maji, unafanya kazi nzuri sana penye upepo, lakini makaa yana bei na itabidi ukate ukuta. Kwa futi 10 kwa 12 magunia yanatosha kuanzia. Kitu cha umeme ambacho ningekinunua, na baada ya dari tu, ni feni ndogo ya inchi 6 ya kutoa hewa, iwekwe juu ikivuta kwa dakika chache kila saa. Lengo ni chumba kibadilishe hewa yake mara 4 hadi 8 kwa saa. Fundi wa umeme mwenye leseni aifunge, na swichi ikae nje. Chumba chenye maji ukutani si mahali pa nyaya za kuungaunga.

Pia muulize anayekuuzia mbegu ni aina gani. Aina nyingi za Pleurotus ostreatus, yaani oista ya kawaida, huzaa vizuri kati ya nyuzi 15 na 22, na kwa Kisumu hilo ni kushindana na hali ya hewa. Oista nyingine, Pleurotus pulmonarius, huvumilia hadi 27 hivi, na ile ya waridi, Pleurotus djamor, hufika 30, ingawa huharibika upesi ikishavunwa, kwa hiyo mnunuzi awe karibu. Na mtu akija kukushawishi uhamie uyoga wa batani kwa sababu una bei, mwambie unataka nyuzi 14 hadi 18 wakati wa kuzaa. Hiyo ni ya watu wa Molo au Limuru.

Wasomaji wa Nakuru wataniuliza yao, kwa hiyo niseme kwa ufupi: kwenu mchana ni rahisi, adui ni usiku unaoshuka hadi nyuzi 10 au 12. Kuta nene na kufunga matundu ya juu jioni kunasaidia. Ila jiko la makaa lisilale chumbani kamwe. Moshi wake usioonekana unaua mtu kabla ya kuugusa uyoga.

Dada, kuna mambo mawili ya kutafuta mtu ana kwa ana. Ukitoa nailoni na kuweka dari, na baada ya mazao mawili bado mifuko inageuka kijani, mwite afisa wa kilimo wa wadi aje aone unavyochemsha makapi, au mpelekee aliyekuuzia mbegu mfuko mmoja uliofungwa vizuri. Maandishi hayawezi kunusa mfuko. La pili ni kifua chako. Uyoga uliokomaa hutoa unga mweupe mwingi, na mapafu ya wengine huukataa. Vuna kabla kingo za kofia hazijanyooka na kujikunja juu, na vaa barakoa nzuri ukiingia asubuhi. Ukianza kupata kikohozi, homa, baridi au pumzi fupi saa chache baada ya kutoka chumbani, halafu siku usizoingia ukawa mzima, usikae nayo. Nenda hospitali, na umwambie daktari waziwazi kwamba unalima uyoga ndani ya nyumba. Asipoambiwa, atafikiria TB au malaria, na utatibiwa ugonjwa ambao huna. Kama chumba hicho kina ukuta mmoja na mahali watoto wanalala, chunguza ukuta huo usije ukaanza kuota ukungu kwa upande wao.

Weka daftari mlangoni, uandike joto na unyevu saa moja asubuhi, saa nane mchana na saa tatu usiku, kwa siku kumi baada ya kufunga mikeka. Niandikie ukiwa na namba hizo na matokeo ya chumvi, nami nitakuambia kama pesa iliyobaki iende kwenye feni au kwenye mbegu ya kuvumilia joto.